Watu watano na kocha mpya: shajara ya mradi wa safu ya Michigan, msimu wa 2024

Agosti, kabla ya mchezo wa kwanza

Mradi wenyewe ni masomo mafupi ya sauti, kwa Kiswahili, yanayoeleza kazi ya watu watano wanaosimama mbele ya ushambuliaji katika futiboli ya Marekani. Nayarekodi kwa simu na kuyatuma WhatsApp kwa wazazi waliotoka Kongo wanaoishi hapa Grand Rapids, ambao watoto wao wamepangwa nafasi hizo kwenye timu za sekondari. Vijana wenyewe wanajua wanachofanya. Wazazi ndio wanaokaa jukwaani kwenye baridi ya Oktoba wakitazama mchezo ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza. Mama mmoja aliniuliza: "Mutoto yangu anasukumana na watu tangu mwanzo mpaka mwisho, mupira hata haugusi. Alifanya kosa gani?" Swali hilo ndilo lililonisukuma kuanza.

Hakufanya kosa lolote. Safu ya mbele ina senta katikati, gadi wawili wanaomzunguka, na watu wawili wa pembeni. Watano hawa huvaa namba kati ya 50 na 79, na sheria hairuhusu mwenye namba hizo kupokea pasi ya mbele. Senta huushika mpira ili kuupitisha kati ya miguu yake kwa kwotabeki, yule anayerusha pasi, basi. Wale wanne wengine wanaweza kumaliza shule bila kuushika hata mara moja, na bado wawe ndio sababu ya timu kushinda.

Nimeamua kutofundisha kwa michoro mitupu. Nitafuata safu moja halisi msimu mzima, mchezo baada ya mchezo, na somo litoke kwenye kile wazazi walichokiona Jumamosi. Nimechagua Chuo Kikuu cha Michigan kwa sababu mkoa mzima unakitazama, na kwa sababu mwaka huu safu yao ina kocha mpya. Kocha anapoanza upya, kila kitu ambacho kwa kawaida kimefichika kinakuwa wazi: nani anasimama karibu na nani, nani anatoa sauti, nani anaachwa peke yake.

Anachokirithi si kidogo. Mwaka 2021 na 2022 safu ya Michigan ilitwaa tuzo ya Joe Moore, ambayo hupewa safu bora ya vyuo vyote nchini. Inapewa safu nzima, hakuna mchezaji mmoja anayeipokea kwa jina lake, na hilo peke yake ni somo. Msimu wa 2023 timu ikachukua ubingwa wa taifa kwa kuifunga Washington 34 kwa 13 mjini Houston, tarehe 8 Januari 2024. Na Washington ndiyo iliyokuwa na tuzo ya safu bora mwaka huo. Kocha wa safu kwa misimu yote mitatu alikuwa Sherrone Moore, ambaye hana udugu na Joe Moore wa tuzo. Jim Harbaugh, aliyekuwa kocha mkuu, alipoondoka kwenda Los Angeles kuwafundisha Chargers wa ligi ya kulipwa, Moore akawa kocha mkuu, na safu akakabidhiwa Grant Newsome.

Newsome alicheza hapo hapo. Mwaka 2016 alikuwa mtu wa pembeni kushoto, kijana wa mwaka wa pili, na tarehe 1 Oktoba kwenye mchezo dhidi ya Wisconsin goti lake lilitenguka na mshipa wa damu ukaharibika. Madaktari walihofia mguu wenyewe. Alilala hospitali zaidi ya mwezi, akajaribu kurudi, na mwaka 2018 akatangaza kwamba hatacheza tena. Hakuondoka. Alianza kusaidia makocha akiwa bado mwanafunzi, akapanda hatua kwa hatua, na misimu ya 2022 na 2023 akawafundisha mataitendi, wale wachezaji wa ukingoni ambao huzuia na kupokea pasi pia. Nimemweka mwanzoni mwa somo la kwanza. Wazazi wengi wanaonisikiliza wanajua maana ya kuipoteza kazi uliyoijua na kujifunza nyingine palepale ulipoangukia.

Shida yake ni kwamba hakuachiwa safu. LaDarius Henderson, Karsen Barnhart, Trevor Keegan, Drake Nugent, Zak Zinter na Trente Jones, watu waliobeba ubingwa, wote wameondoka.

Septemba, baada ya Texas

Fresno State walifungwa 30 kwa 10. Halafu Texas wakaja Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, tarehe 7 wakashinda 31 kwa 12, na mlolongo wa ushindi wa michezo 23 mfululizo nyumbani ukakatika. Kufikia mapumziko ilikuwa tayari 24 kwa 3.

Matokeo ya mapumziko ndiyo niliyoyafanya somo la pili. Timu ikiwa nyuma kiasi hicho haiwezi kukimbia na mpira yadi tatu tatu, saa haiisubiri. Lazima irushe. Na siku ya kurusha, kazi ya safu inageuka kabisa. Kwenye kukimbia, mzuiaji anakwenda mbele, yeye ndiye anayegonga kwanza. Kwenye kurusha anarudi nyuma, anaketi kama mtu anayetafuta kiti, mikono mbele, akimsubiri mtu mwenye kasi kuliko yeye aamue atapita wapi. Anayekwenda kinyumenyume daima yuko katika shida. Safu yenye watu wapya inaweza kujificha kwenye mbio kwa sababu nguvu inafunika mengi, ila kwenye kulinda pasi kosa la mmoja linaonekana na uwanja mzima, kwotabeki akiwa chini.

Nimewaeleza pia jinsi wanavyogawana maadui. Kabla mpira haujaanzishwa, senta anaangalia ulinzi na kuonyesha kwa kidole mlinzi fulani wa mstari wa pili. Huyo ndiye kipimo. Kuanzia kwake kila mmoja anahesabu: wa kwangu ni yule, wa kwako ni huyu. Senta akionyesha mtu mmoja na gadi akadhani ni mwingine, mlinzi mmoja atapita bila kuguswa hata kama wote watano wana nguvu za simba. Baba mmoja alinijibu kwa sauti kwamba siku zote alidhani yule kijana wa katikati anatukana watu kwa kidole. Nimefurahi sana kwamba amelisema.

Septemba, baada ya USC

Hili ndilo somo refu kuliko yote niliyorekodi mpaka sasa, na sitalikata.

USC wameingia ligi ya Big Ten mwaka huu, na mchezo wao wa kwanza humo ulikuwa Ann Arbor tarehe 21. Michigan wamebadilisha kwotabeki: Davis Warren amekaa, Alex Orji ameingia. Orji ni mkimbiaji mwenye nguvu, kurusha si silaha yake. Mchezo mzima Michigan walipata yadi 32 kwa pasi, na yadi 290 kwa kukimbia. Yaani watu wote uwanjani, walinzi wa USC wakiwemo, walijua mpira hautarushwa, na bado ulipita. Donovan Edwards alikimbia yadi 41 hadi tachidauni, yaani akaufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli. Kalel Mullings akakimbia 53.

Halafu mambo yakakwama. Kipindi cha pili ushambuliaji haukusonga, USC wakarudi na kuongoza 24 kwa 20, na Michigan wakapewa mpira wakiwa na yadi 89 mbele yao. Kufikia hapo safu yenyewe ilikuwa imeshaharibika. Myles Hinton, mtu wa pembeni kushoto, alikuwa ameumia. Huyu ni mtoto wa Chris Hinton, aliyecheza safu hiyo hiyo katika ligi ya kulipwa na kuchaguliwa Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi hiyo, mara saba. Evan Link, aliyekuwa kulia, akahamishwa kushoto, na Andrew Gentry akaingia kulia.

Kwa mtazamaji huo ni mtu kutoka huku kwenda kule. Nawaomba wazazi wasimame sebuleni na wajaribu. Mtu wa kulia anatanguliza mguu wa kushoto na kurudisha wa kulia, mkono wake wa nje ni wa kulia, na mwili wote umezoea kufunguka upande mmoja. Ukimhamishia kushoto, kila hatua inageuka, na anatakiwa kuigeuza katikati ya mchezo mbele ya watu zaidi ya laki moja. Pia jirani amebadilika. Gadi aliyezoea kumsikia Hinton ubavuni sasa ana Link.

Mullings akavunja mbio ya yadi 63. Baadaye, jaribio la nne na la mwisho, yadi moja kutoka mstari wa goli, sekunde 37 zilipobaki, akaingia. 27 kwa 24.

Mbio kama ile inaanzia mahali ambapo kamera haipo. Gadi na senta wanambeba pamoja mlinzi mmoja mnene, labda kilo 140, wanamrudisha. Wakati huo huo macho yao yako nyuma yake, kwa mlinzi wa mstari wa pili. Akienda kulia, wa kulia anaachia na kumfuata, wa kushoto anabaki na mzigo wote. Akienda kushoto, kinyume chake. Hawana muda wa kuambiana. Wanaoachia mapema wanamwacha mwenzao anazidiwa, na wakichelewa mlinzi wa pili anamdaka mkimbiaji. Uamuzi huo unatengenezwa na marudio tu, mtu huyu na mtu huyu, bega kwa bega, tangu masika. Wazazi wengi wametoka upande wa Uvira na Baraka, kwa hiyo niliwaambia wakumbuke watu wanaosukuma mtumbwi mkubwa kuingia ziwani: nguvu za kila mmoja zipo, lakini mtumbwi unasogea pale tu wote wanapoitikia sauti moja.

Ndiyo sababu ninashikilia, na nitarudia msimu huu wote, kwamba kocha mpya wa safu anapewa watu watano na anadaiwa safu. Kati ya hivyo viwili kuna muda, na muda huo hauna njia ya mkato.

Oktoba

Minnesota 27 kwa 24, ushindi wa kubanana. Kisha Seattle, marudio ya fainali ya Januari, na safari hii Washington walishinda 27 kwa 17. Somo la wiki hiyo ni kelele. Ugenini senta hasikii sauti ya kwotabeki, kwa hiyo gadi anageuza kichwa, anaona ishara, anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, halafu mpira unarudi. Mtu wa pembeni, aliye mbali zaidi, anauangalia mpira kwa jicho moja na adui kwa jingine. Akitangulia nusu sekunde ni adhabu ya yadi tano. Akichelewa nusu sekunde amepitwa. Vijana wa sekondari hawana viwanja vya kelele namna hiyo, lakini wana wazazi wanaopiga vuvuzela timu yao wenyewe ikiwa na mpira, na niliwasihi waache. Pigeni wakati wa ulinzi.

Illinois, tarehe 19, walishinda 21 kwa 7 siku waliyoadhimisha miaka 100 ya uwanja wao, ule ambao Red Grange, mkimbiaji wa Illinois, aliutia moto mwaka 1924 dhidi ya Michigan hao hao. Jack Tuttle ndiye aliyeanza kama kwotabeki, wa tatu msimu huu. Kubadilisha kwotabeki kunaigusa safu kuliko watu wanavyofikiri. Kila kwotabeki ana mdundo wake wa kuita, ana mahali pake pa kusimama nyuma ya safu, ana muda wake wa kushika mpira. Mzuiaji haoni nyuma, anamlinda mtu kwa kukumbuka atakuwa wapi. Mwezi huu wamelazimika kuwakumbuka watu watatu tofauti.

Tarehe 26 Michigan State walifungwa 24 kwa 17, Warren akiwa amerudishwa. Wazazi walitaka zaidi kuzungumzia fujo za mwisho wa mchezo. Sikurekodi kitu juu ya hilo.

Hali ya mradi: masomo yanasikilizwa na kurudishwa na maswali, na maswali yanazidi kuwa mazuri. Kaka mmoja, mkubwa wa kijana anayecheza gadi, ameanza kuchora kwenye daftari nafasi za mdogo wake kila Ijumaa na kunitumia picha. Nimeamua michoro hiyo iwe sehemu ya mradi. Inaeleza kuliko maneno yangu.

Novemba, wiki ya katikati

Oregon, walioshika namba moja nchini, 38 kwa 17. Indiana 20 kwa 15. Michigan wana ushindi mara tano na vipigo vitano, mabingwa wa taifa wa Januari.

Sasa kila mtu ana mtu wa kumlaumu, na safu haikusahauliwa. Nimesikia hata hapa mjini watu wakisema kocha wa safu ni kijana mno, hajawahi kufundisha watano hawa, arudishwe kwa mataitendi. Mimi sikubaliani, na nimelisema hilo kwenye somo waziwazi. Kulinda pasi bado ni udhaifu wao, hilo halina ubishi. Ila nikiwatazama watano hawa wa Novemba na wale wa Agosti, naona mambo ambayo hayaandikwi kwenye ubao wa matokeo. Kupokezana walinzi kunafanyika: mlinzi mmoja akijifanya anakuja kulia kisha akakatiza kushoto kumpisha mwenzake, gadi na mtu wa pembeni wanabadilishana bila kugongana. Mwezi wa tisa walikuwa wanamfuata wote wawili mmoja. Watu wanamaliza kizuizi chao mpaka filimbi. Josh Priebe, aliyehamia kutoka Northwestern kwa mwaka wake wa mwisho, na Giovanni El-Hadi, kijana wa Sterling Heights humu humu mkoani, wanachomoka kwenye nafasi zao za gadi na kufika upande wa pili wakiwa wameshaona wa kumgonga.

Mzazi wa mzuiaji anahitaji kujua hivi zaidi ya kujua nani alishinda. Mtoto wake anaweza kucheza vizuri kabisa siku ambayo timu imepigwa, na akirudi nyumbani kichwa chini apate mtu wa kumwambia: nilikuona ulivyompokea yule wa pili.

Desemba, baada ya Ohio State

Northwestern kwanza, tarehe 23 Novemba, 50 kwa 6. Wiki iliyofuata Columbus, nyumbani kwa Ohio State. Wapanga dau waliwapa Ohio State ushindi wa karibu pointi 20. Michigan walikwenda bila Colston Loveland, mpokeaji wao bora, na bila Will Johnson upande wa ulinzi. Warren alirusha yadi 62 tu na akanyang'anywa pasi mbili. Kwa hesabu za kawaida mchezo huo umeisha.

Michigan walikimbia yadi 172, Ohio State 77. Mullings alibeba mpira mara 32, yadi 116. Ubao ulisoma 10 kwa 10 tangu mapumziko, na mwishoni, jaribio la tatu, yadi sita zikihitajika, hali ambayo karibu kila timu ingerusha, walimpa Mullings akaenda yadi 27. Dominic Zvada akapiga mpira wa yadi 21 kati ya nguzo, sekunde 45 zikibaki. 13 kwa 10. Mwaka wa nne mfululizo wa kuwafunga Ohio State.

Narudi kwenye zile mara 32. Mbio nyingi kati ya hizo zilikuwa yadi mbili, yadi tatu, yadi moja. Mtazamaji anachoka. Lakini mlinzi anayegongwa kila jaribio na watu wawili walewale, kwa pembe ileile, tangu mchana mpaka jioni, miguu yake inajibu polepole kadri saa inavyokwenda. Yadi mbili za robo ya kwanza ndizo zinazolipa yadi 27 za robo ya nne. Hili ndilo jibu kamili la lile swali la mama, nami nimemtumia yeye kwanza kabla ya wengine: kijana wako hagusi mpira kwa sababu yeye ndiye anayemchosha mtu ambaye angeuzuia.

Tofauti na USC, safari hii haikuwa mbio ndefu iliyookoa siku. Ilikuwa mchezo mzima wa kusukuma dhidi ya ulinzi wenye vipaji vingi kuliko wao, bila pasi ya kuwatisha. Watano wa Agosti wasingeweza. Naamini hivyo kwa moyo wote, na kama nikiulizwa Newsome amefanya nini mwaka wake wa kwanza, nitamwonyesha mtu robo hiyo ya nne tu.

Januari 2025

Mratibu wa ushambuliaji, Kirk Campbell, aliachishwa kazi siku chache baada ya Columbus na nafasi yake amepewa Chip Lindsey. Newsome amebaki. Tampa, tarehe 31 Desemba, Michigan waliifunga Alabama 19 kwa 13, Mullings na Edwards wakiwa hawakucheza. Jordan Marshall, mkimbiaji wa mwaka wa kwanza, alibeba mpira yadi 100 akatajwa mchezaji bora wa siku. Mkimbiaji mgeni nyuma ya safu iliyozoeana anapata njia. Nimeliweka hilo kama somo fupi la mwisho wa msimu. Timu imemaliza na ushindi mara nane, vipigo vitano.

Kazi inayofuata ni kupanga upya masomo yote kwa mada badala ya tarehe: kusimama, hatua ya kwanza, mikono, kubeba wawili, kuchomoka, kulinda pasi, kelele, adhabu. Michoro ya yule kaka itapigwa chapa nyeusi na nyeupe ili iweze kutolewa nakala shuleni au maktaba. Baba wawili wamejitolea kusoma sehemu zao kwa Kiswahili cha kwao badala ya sauti yangu, na nimekubali mara moja. Mazoezi ya masika yanaanza Machi. Gadi na mtu wa pembeni watakuwa wengine tena, na nimeshatenga daftari jipya.